Mtamba Aliyekufa kwa Shibe

Mimi hakuna jambo la ng'ombe linaloweza kunishangaza. Nasema hivyo bila haya, na wanaonijua pale sokoni Busia watakuambia ni kweli. Nimeona fahali akianguka na kufa wakati mnunuzi anaingiza mkono mfukoni kutoa pesa. Nimeuziwa ng'ombe kipofu, na kabla jua halijazama nikamuuza, kipofu vilevile, kwa mtu aliyejiona mjanja kuliko mimi. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini leo wenye vyeti vyao huja kwangu kuniomba nimshike ng'ombe tumboni niwaambie mimba ni ya miezi mingapi. Nina malori mawili. Nyumba yangu ina saruji mpaka chooni. Sijisifu, nawaeleza tu mjue anayesema ni nani.

Basi mwezi uliopita nilikuwa sokoni kwa shida moja nitakayoisema mbele. Mama mmoja akapita ubavuni mwangu amejitwika karai la machicha ya ajono. Ninyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa, lakini watoto wetu siku hizi wanakunywa bia ya chupa, kwa hiyo nitasema: ajono ni pombe yetu ya wimbi, ile ya kukalia duara na kuvuta kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, na machicha ni yale makapi yanayobaki chunguni watu wakishakwenda zao. Maji yake yalikuwa yanamchuruzika yule mama shingoni. Harufu ikanipiga: chachu, tamu kidogo, yenye joto, kama pumzi ya mtu anayekusemesha kwa karibu mno. Nikashika ubavu wa lori.

"Mzee, ni sukari imeshuka?" kijana wangu akauliza.

"Ni vumbi," nikamwambia.

Haikuwa vumbi. Alikuwa Amoit.

Amoit alikuwa dada yangu mkubwa, ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikawa inagusa chini. Tulikaa Kwapa, mahali ambapo ukipanda juu ya kichuguu unaona ule mwamba wa Tororo umesimama peke yake kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Bendera ya uhuru ilikuwa mpya, na mpaka wa Kenya ulikuwa kama kamba ya kuanikia nguo: unainama, unapita. Papa, baba yangu, alikuwa mtu mfupi mwenye maneno marefu. Kama mnasema mimi naongea sana, mngemsikia yeye.

Amoit aliolewa Merikit na kijana mmoja mpole anaitwa Okware. Mahari ililetwa kidogo kidogo, kama ilivyokuwa kawaida, na ng'ombe wa mwisho alikuja baada ya kungojewa sana. Alikuwa mtamba, hajazaa bado, mimba changa tumboni, rangi ya majivu. Alikuwa mwembamba mpaka ukimtazama kwa ubavu unaweza kumfundishia mtoto kuhesabu. Papa alimzunguka polepole, mikono nyuma, na watu wote wanatazama.

"Wakwe zangu," akasema, "huyu ni ng'ombe au ni kivuli cha ng'ombe?"

Baba yake Okware, mzee Emojong, alikuwa ameketi na mrija mdomoni. Akautoa taratibu. "Mkwe, ndani ya huyo kivuli kuna mwingine. Umepewa wawili, unalalamikia mmoja?"

Watu walicheka mpaka mirija ikawaponyoka. Papa hakucheka. Akasema, "Sawa. Siku mtakapokuja kumwona ndama, mama yake hamtamjua. Mtasema nimemwiba kwa Wazungu."

Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia, kwenye kicheko kile. Kwetu mahari haiishi siku ng'ombe anapokabidhiwa. Mtamba wa mahari akizaa, waliomtoa huja kumwona ndama na kupikiwa pombe. Na akifa kabla hajazaa, mpokeaji huchukua ngozi yake pamoja na mguu mmoja, huvipeleka kwa waliomtoa kama ushahidi, nao wakiridhika huleta mwingine. Papa alikuwa anaungoja ule ugeni wa ndama kama watu wanavyongoja Krismasi.

Ng'ombe wa majirani walikwenda bondeni kutafuta majani kama siku zote. Mtamba wetu alifungwa karibu na ghala, na kazi yake ikawa ni kula tu. Alipewa maganda ya mihogo yaliyokaushwa, viazi vitamu vilivyokatwakatwa, na unga wa wimbi uliokorogwa na maji ya chumvi. Lakini zaidi ya yote alipewa machicha. Mama, tuliyemwita Toto, alikuwa mpishi wa ajono anayejulikana, na machicha yalipokwisha kwetu mimi nilitumwa nyumba kwa nyumba na karai kichwani kuomba ya wengine. Yalinichuruzika mpaka machoni. Shuleni watoto waliniita Mlevi. Sikujali, kwa sababu nilikuwa na sababu yangu.

Kabla sijaisema, niseme jinsi Amoit alivyorudi nyumbani. Okware mwenyewe alimleta kwa baiskeli, tumbo limeshajitokeza. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na Tata, bibi yetu mzaa baba, ndiye aliyekuwa mkunga wa upande ule wote. Hata wanawake wa Bulumbi walimfuata. Tata alikuwa na sheria moja iliyokuwa kubwa kuliko zote: mwanamke akikaribia kuzaa, ale kama ndege. Nyama hapana, uji mzito hapana. Mayai ndiyo kabisa, hayo hata mwanamke asiye na mimba hakuyala enzi zile. Amoit alipewa kipande cha ugali kama kidole gumba na mboga ya kunde ya kuchovea.

"Tata, nina njaa," nilimsikia akisema siku moja.

"Njaa ni ya huyo aliye ndani, si yako. Ukimlisha atanenepa, na mlango ni uleule."

"Lakini kichwa kinaniuma, Tata. Naona giza nikisimama."

"Basi usisimame."

Na nje ya nyumba, hatua chache tu, mtamba anatafuna viazi.

Mimi nilikuwa mtoto wa miaka minane hivi, na kichwa cha mtoto hujenga nyumba yake bila kuomba mti kwa mtu. Nilikuwa nimewasikia watu wakimwita yule ng'ombe "mtamba wa Amoit." Nilikuwa nimeona dada yangu anatoka, ng'ombe anaingia. Nikaelewa kwamba hao wawili walikuwa kitu kimoja, na kwamba Amoit alikuwa anafungishwa njaa kwa kosa la kutolewa mahari nyembamba. Siku mtamba atakaponenepa na kumridhisha Papa, kosa litakuwa limesamehewa, na Amoit atapewa chakula. Ndiyo maana nilibeba machicha kwa bidii ile. Papa aliwaambia wageni, "Mtazameni mtoto huyu, huyu atakuwa mtu wa ng'ombe." Na kweli nimekuwa. Lakini siku zile nilikuwa namlisha dada yangu, kwa njia ndefu.

Njia fupi ilikuwa mayai. Kuku wetu walitaga vichakani karibu na mahali nilipochungia mbuzi. Nilikuwa nayachemsha kwenye mkebe, nakuja nayo ndani ya shati, yamenichoma tumbo, namkuta Amoit nyuma ya nyumba anapopeta wimbi.

"Na ukikamatwa utasema nini?" aliniuliza mara ya kwanza, kinywa kimejaa.

"Nitasema kenge amekula."

Akacheka, akalishika tumbo lake kwa mikono yote miwili. "Kenge gani huyo mwenye kaptula?"

Tangu siku hiyo aliniita Kenge. Alinimenyea kila mara kipande cha ute mweupe, akasema hicho ni ushuru wa mpaka. Kiini alikila mwenyewe, macho amefumba. Nikaona rangi inamrudia. Akawa anasimama bila kushika ukuta.

Mtamba naye alikuwa ananenepa ajabu. Ngozi iling'aa kama imepakwa mafuta ya kichwani. Mbavu zikapotea, kisha mifupa ya nyonga ikapotea, kisha juu ya mkia pakaota manundu mawili laini ya mafuta. Alikuwa anacheua kama wazee waliotoka kilabuni, na siku nyingine baada ya machicha aliyumba. Hakutembea popote, hata mtoni alikuwa haendi, maji aliletewa. Papa alikuwa anawaita wapita njia. "Njooni muone kivuli!" anasema. "Njooni mguse!"

Jirani yetu alikuwa mama mjane mwenye ng'ombe mmoja wa mifupa mitupu, aliyeshika mimba majira yaleyale na mtamba wetu. Mchana mmoja mama yule alikuwa analima, ng'ombe wake amelala kando ya shamba. Sisi tunatazama tu, mara ng'ombe akainuka, akajikunja kidogo, ndama akatoka kama mtu anayetoka mlangoni kwake. Alikuwa mdogo, miguu kama mianzi. Mama wa watu hakuwa hata ameweka jembe chini.

"Huyo ni ndama au sungura?" Papa akapaza sauti.

Tata alikuwa ameketi na kunde zake mapajani. Hakuinua macho. "Sungura amesimama tayari, anatafuta titi. Wako atasimama?"

"Mama, wewe wajua wanawake. Ng'ombe niachie mimi."

Siku ya mtamba ilifika wakati wa kukamua, asubuhi. Alikataa viazi. Nikamletea machicha, akayanusa akageuza kichwa. Alikuwa anainama, anainuka, anageuka kutazama ubavu wake kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Papa alifurahi. Akamtuma Toto aloweke wimbi kwa ajili ya pombe ya wageni.

Jua likapanda. Kwato mbili zikaonekana, nyeupe, na hapo nikawaona wanaume wakitazamana. Zilikuwa kubwa. Hata mimi mtoto niliona kwamba ni kubwa. Zikabaki pale pale. Mtamba anasukuma, zinasogea upana wa ukucha, anapumzika, zinarudi. Wakazifunga kamba. Wanaume wanne wakavuta, visigino vyao vikachimba mifereji chini. Kamba ililia kwa sauti nyembamba, na mtamba akalia kwa sauti nene, sauti ambayo nimeisikia tena mara nyingi katika kazi yangu na kila mara mimi huenda upande wa pili wa lori.

Papa akamtuma binamu yangu aende mjini Tororo kumwita bwana mifugo. Alikwenda kwa baiskeli, akarudi jasho limemkauka na kuacha chumvi usoni.

"Hayuko. Amekwenda kuchanja ng'ombe huko mbali. Wanasema kesho."

"Kesho," Papa akarudia, kama jina la nchi asiyoijua.

Mwisho akamtazama mama yake. Tata akasema, "Mimi nimezalisha wanawake." Lakini akavua bangili, akapaka samli mkono mpaka kiwiko, akapiga magoti. Tata alikuwa na mkono mwembamba kama wa msichana. Ukaingia mpaka kifundo, ukakwama. Akakaa hivyo muda mrefu, uso ameuelekeza juu, anasikiliza kwa vidole.

"Ndani humu ni mafuta matupu," akasema. "Kuta zimekutana. Mkono wangu haupiti, hicho kichwa kitapitaje?" Akautoa mkono. "Umemlisha mtoto, umelisha na mlango. Wote wamenenepa."

Mtamba alikuwa amelala ubavu, ulimi nje. Jicho lake likanipata pale nilipokuwa. Alinijua. Kwake mimi nilikuwa ndiye chakula. Nikakimbia, nikalichukua karai, nikaliweka mbele ya pua yake. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Akaugusa ukingo kwa ulimi, mara moja, kisha akauacha ulimi wake pale pale.

Papa alilitazama lile karai. Nilidhani atanipiga. Akainamisha kichwa, na mimi sikuwahi kumwona baba yangu akitazama chini kabla ya hapo.

Mtamba alikufa jua limepinda kidogo tu. Wakampasua hapo hapo, wakitumaini labda ndama. Kisu kilipita kwenye mafuta ya njano, mazito kama vipande vya sabuni, kikapita tena, na bado ni mafuta. Wakamtoa ndama: amekamilika, mzuri, kichwa kama cha ndama aliyekwisha kuachishwa ziwa. Amekufa. Alikuwa mkubwa mno, basi. Hakuwa na kosa lingine.

Nikasikia Tata anafoka, "Wewe toka hapa! Mwenye mimba haangalii!" Nikageuka. Amoit alikuwa amesimama nyuma yetu, mkono juu ya tumbo lake. Nikalitazama lile tumbo. Nikayaona mayai yote, moja moja, na chumvi niliyoyanyunyizia. Mlango ni uleule.

Kesho yake Papa alikunja ngozi, akaiweka begani, na mguu wa ng'ombe nikabebeshwa mimi. Tukaenda Merikit. Mzee Emojong alitupokea vizuri, akatuletea viti. Aliposikia habari, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Akaikunjua ngozi chini, upande wa ndani juu, kama desturi, akapitisha kiganja chake. Mafuta yakakishika kiganja. Akakifuta kwenye majani. Akapitisha tena, mafuta tena.

"Mkwe," akasema, "huyu si ng'ombe wangu."

"Si wako namna gani? Rangi huioni?"

"Wangu alikuwa kivuli. Ulisema mwenyewe, mbele za watu. Kivuli hakina mafuta kama haya. Mimi nilitoa mtamba wa kuzaa. Aliyemgeuza kuwa nguruwe amtafute ng'ombe mwingine mwenyewe."

Safari hii hakuna aliyecheka. Okware alikuwa ameketi nyuma ya baba yake, anatazama viganja vyake. Mtoto wa kiume hasemi baba yake anaposema.

"Basi Amoit atakaa kwangu," Papa akasema. "Yeye na atakayezaliwa. Mpaka ng'ombe aje."

"Akae," Emojong akajibu.

Tulirudi nyumbani na ngozi yetu. Amoit alikuwa mlangoni. Hakuhitaji kuuliza, aliiona ngozi begani. "Na mimi," akasema polepole, "hakuna aliyeniuliza?" Papa alipita kando yake kama amepita nguzo.

Kuanzia siku ile sikuleta mayai tena. Amoit aliningoja nyuma ya nyumba. "Kenge amehama?" akaniuliza siku moja, anajaribu kutabasamu. Nikatikisa kichwa. Siku nyingine akasema, "Hata nusu, Kenge. Hata nusu ya yai." Sikuweza kumwambia. Nikimpa namuua, nisipompa anashika ukuta akisimama. Nilikuwa nakwenda kichakani, nayaona mayai pale chini, meupe, nakaa nayatazama mpaka jioni, kisha nayaacha. Sijawahi katika maisha yangu kuwa maskini kama nilivyokuwa mbele ya mayai yale.

Uchungu ulimshika asubuhi, kukiwa na manyunyu. Tata akafunga mlango. Mimi nikaambiwa niende na mbuzi, nikawafunga mbuzi, nikajificha kando ya ua wa mitupa. Upande wa pili wa ua palikuwa na mtu. Alikuwa Okware, nguo zimelowa, baiskeli imelala chini. Papa alikuwa amempiga marufuku kukanyaga kwetu bila ng'ombe, kwa hiyo alikuwa amechuchumaa njiani kama mwombaji.

"Shemeji," akanong'ona kupitia matawi, "amesema nini?"

"Hajasema kitu."

"Analia?"

"Halii."

"Yule ng'ombe alilia?"

"Alilia sana."

Akajifuta maji usoni. Manyunyu yakaongezeka. Nikasikia Tata ndani anasema "Sukuma," na maneno mengine, na kimya. Jua lilijaribu kutoka likashindwa. Nilijaribu sala tuliyofundishwa kanisani, ikanipotea katikati, nikaianza upya, ikapotea palepale. Mwisho nikashindwa kukaa na siri ile tumboni.

"Shemeji, alikula mayai."

"Nani?"

"Amoit. Mengi. Ni mimi nilimpa. Mtoto atakuwa mkubwa kama ndama. Mlango ni uleule."

Nilifumba macho. Nikasikia matawi yanasukumwa. Mkono wake ukapita kwenye mitupa, utomvu mweupe ukamchirizika mpaka kwenye kiwiko, ukapapasa chini mpaka ukapata mguu wangu. Akaushika kifundoni. Hakuubana. Akaushika tu, kama mtu anayeshika kitu ili kisizame.

"Asante, shemeji," akasema.

Sikuelewa anashukuru nini. Tulikaa vile, mimi upande huu, yeye upande ule, mpaka mtoto akalia.

Alikuwa msichana, mkubwa, mwenye hasira. Tata alitoka akijipangusa mikono, akatangaza kwa kijiji kizima: "Amepita kama mtu anayeingia kanisani! Mmeona kazi ya njaa?" Na mpaka anakufa, bibi yangu aliwaambia wanawake habari za Amoit aliyekula kama ndege akazaa simba. Amoit alikuwa amelala, midomo imepauka. Nilipopenya ndani akanikonyeza. "Kenge," akasema, "leo niletee mawili."

Alikaa kwetu mpaka mtoto akaota meno. Kila Jumapili baada ya ibada Okware alikuja nje ya ua, Amoit anamwinulia mtoto juu ya mitupa amwone. Hakuna mzee aliyesogea. Siku moja Papa alikuwa uani anasokota kamba, Amoit akatoka na mtoto mgongoni na kifurushi kichwani.

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kwangu."

"Ng'ombe bado, Amoit."

"Ng'ombe amekufa, Papa."

Papa aliitazama kamba yake. Akaendelea kuisokota. Dada yangu akavuka ua, akachukua njia ya Merikit. Lakini lile neno "bado" lilibaki. Papa alikufa nalo, Emojong akafa nalo. Okware alizeeka hajapata ng'ombe, mvua ikimpa wimbi, magonjwa yakila mbuzi. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mimi, malori, saruji, kila kitu, na sikufikiria tena.

Mwezi uliopita Amoit alikufa. Hii ndiyo shida niliyokuwa nayo sokoni. Wazee wa ukoo wangu walikwenda Merikit, wakaketi kando ya kaburi lililochimbwa, wakasema hawezi kuingia humo. Mahari yake haijakamilika. Ng'ombe mmoja bado. Okware, kichwa cheupe kabisa, alikuwa ameketi chini karibu na jeneza anatazama viganja vyake, vilevile kama zamani. Niliwaambia wazee ni upuuzi. Nikapiga kelele, mnanijua. Wakanisikiliza kwa heshima zote, wakasema, "Ni kweli, mwana wetu. Ng'ombe yuko wapi?" Siku ya pili inakwisha, joto lile, na dada yangu yuko juu ya meza.

Kwa hiyo nilikwenda Busia kujinunulia ng'ombe wa kujilipa mwenyewe. Madalali wakaniletea mitamba iliyonona, wananijua napenda wanene. Nikawapita wote, nikamchagua mtamba mmoja wa rangi ya majivu, mimba ya miezi minne kwa mkono wangu, mbavu zote nje. Nilimpakia, nikampeleka Merikit kwa njia ya nyuma, nikaiweka kamba mkononi mwa Okware bila mtu kuona. Alinishika kifundo cha mkono. Kisha akainuka, akamvuta mpaka mbele ya wazee wangu.

Mmoja wao akamzunguka, mikono nyuma. "Huyu ni ng'ombe," akaanza, "au ni…"

"Ndani yake kuna mwingine," nikasema. "Pokeeni tumzike dada yangu."

Tukamzika mchana huohuo. Mtamba sasa yuko kwangu, anakwenda bondeni na wenzake kutafuta majani. Mchungaji wangu aliniuliza kama amletee machicha kidogo, mimba isije ikamdhoofisha, nikamwambia akileta karai lile uani kwangu atafute kazi kwingine. Aliyeniuzia alijua nina haraka, hakunipunguzia hata senti, na mimi, mimi ninayewapunja wote, sikubishana naye: shilingi elfu saba mia nne na hamsini za Kenya, na ishirini za kamba.